Filta ya Pikapu ya Samaki

Nilipoajiriwa katika duka la spea mjini Tororo, mwanzoni mwa miaka ya sitini, sikuwa nimewahi kufungua boneti ya gari lolote. Nilichokuwa nacho ni Kiingereza cha shule, mwandiko mzuri na tai moja. Tajiri, mwenye duka, aliona hayo yanatosha, akanikabidhi kitabu kinene kilichoorodhesha kila gari na namba ya filta yake ya oili. Baada ya miezi miwili nikajiona fundi. Mtu akiuliza jambo, nililamba kidole, nikafunua kurasa polepole na kukunja uso kama daktari, hata pale ambapo jibu nililijua tayari.

Asubuhi moja akaingia mama mfanyabiashara kutoka Busia. Alikuwa akinunua samaki wakavu pande za Lunyo na kuwauza katika masoko yetu. Pikapu yake ilikuwa imesimama Busia, oili chafu imekwisha kumwagwa, ikingoja filta mpya tu, kwa hiyo alikuja kwa basi. Akafungua gazeti juu ya kaunta yangu safi, akatoa filta kuukuu, nyeusi, inayodondosha oili.

"Bwana karani, nipe ile iko kama hii."

Niliisukuma kwa ncha ya penseli. "Mama, ondoa uchafu huo. Niambie gari ni aina gani na la mwaka gani."

Akaniambia. Nikalamba kidole, nikasoma namba kwa sauti, nikaleta filta kutoka rafuni.

"Pima na hii kwanza," alisema. "Naona yako iko mrefu."

"Mama, kitabu hiki kimeandikwa na watu waliolitengeneza gari lenyewe. Hakikosei."

Alinitazama, akakitazama kitabu, akachukua filta. Ile kuukuu nilimwambia akaitupe. Kwa bahati hakunisikiliza.

Saa nane alikuwa amerudi. Hakupiga kelele, alisimama tu mlangoni akasema, "Imekataa."

Mimi, mbele ya tajiri, nikasema labda dereva wake hajui kazi. Tajiri hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitia filta tano za aina mbalimbali kwenye boksi, akanipa.

"Wewe unajua kazi," alisema. "Nenda ukaifunge."

Ndani ya basi, mama akiwa kando yangu, nilipakata boksi nikimwomba Mungu basi liharibike njiani. Halikuharibika.

Pikapu ilikuwa kando ya barabara karibu na mpaka, samaki wamefunikwa turubai. Dereva, mzee mpole aliyevaa ovaroli, alinikaribisha kwa jina la fundi, akanipa spana. Niliishika kama kijiko. Akanionyesha kikombe cha chuma ambamo filta hukaa, na bolti moja inayokikaza. Nikaweka filta ya kitabu, kikombe kikabaki wazi kwa upana wa kidole. Nikasukuma kwa mkono. Nikasukuma kwa goti.

"Gari ndilo lenye makosa," nikasema.

Dereva akakohoa. "Injini hii si yake, bwana. Ile ya kwanza ilikufa njiani kule Kisoko. Tuliweka ya gari nyingine."

Kitabu changu hakikuwa na ukurasa wa injini zilizokufa Kisoko. Mama alichutama, akazipanga filta zangu juu ya gunia, ile kuukuu katikati. Akapima urefu kwa unyasi, akalinganisha upana, akatia kidole katika matundu ya juu na chini.

"Hii," akasema.

Ningenyamaza hapo, ningerudi na heshima kidogo. Lakini nilisisitiza kwamba kufunga nitafunga mimi. Nikaweka mpira mpya uliokuja na filta, ule wa kuzuia oili isivuje, mdomoni mwa kikombe, nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote. Dereva akatia oili.

"Umetoa mpira ya zamani?" mama akauliza.

"Bila shaka," nikajibu. Sikujua hata kama kulikuwa na mpira wa zamani.

Injini ikawashwa, nami nimeinama pale pale ili nionekane ninasikiliza. Oili ikachomoka katikati ya mipira miwili, ikanipata shati, tai na mdomo uliokuwa wazi.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Dereva alizima injini, akageukia pembeni kwa adabu, mabega yakimtikisika. Kisha mama akanifuta uso kwa leso yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nani alikuambia lazima ujue yote leo?"

Dereva akauchokoa mpira wa zamani kwa kisu, akafunga upya, na hapakuvuja kitu. Walinirudisha Tororo nimeketi katikati yao, na hakuna aliyelitaja shati langu, jambo lililoniuma kuliko kicheko.

Tangu siku ile, mteja aliyekuja mikono mitupu nilimrudisha akalete filta yake kuukuu, na nilimuuliza kama injini imewahi kubadilishwa. Siku za soko dereva yule aliniruhusu niingie chini ya pikapu na kujifunza. Filta ya kwanza niliyofunga peke yangu ilivuja tone moja moja. Dereva aliitazama, akasema kwamba kwa mtu wa ofisi, si vibaya.