Bunduki Niliyoilaza Chini Nimwamkie Mkwe

Jamani, aibu hii ningependa nife nayo, lakini mwenzangu wa mafunzo, Deus, keshaitangaza mpaka kijiji cha Kaoze, basi afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Tulikuwa uwanja wa shabaha kule Mollo, mafunzo ya askari wa wanyamapori, na kati yetu mmoja tu angekabidhiwa bunduki yenye darubini ya kulinda mashamba ya Kaoze dhidi ya viboko. Kazi ile niliitaka kuliko chakula, kwa sababu mshenga wangu alishafika kwa baba yake Rozina, binti ninayetaka kumwoa, na kurudi na swali moja tu: huyo kijana anafanya kazi gani? Asubuhi tukafanya ziro, yaani unarekebisha darubini mpaka unapolenga ndipo risasi inapotua, na matundu yangu yakakaa pamoja kiasi cha kufunikwa na kizibo cha soda, nikaanza kutembea kifua mbele (baridi yote ile ya Ufipa, mimi vifungo wazi!). Afande Grace, mkufunzi wetu, mama wa Mbeya asiyejua kucheka, akatuonya: “Darubini ikigongwa, ziro imekwenda. Na silaha haitoki mkononi hata akija mama yako mzazi.”

Mama mzazi, sawa. Mkwe hakumtaja.

Wakati wa mapumziko, bunduki zimeshatolewa risasi, baba Rozina akatokea nyuma yetu na ng'ombe wake, sasa niambieni nyie mliolelewa Ufipa, mkwe unamwamkia umesimama kama nguzo ya umeme, bunduki begani? Kwetu unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, na makofi yanataka mikono miwili. Nikailaza kwenye majani nyuma yangu, nikachuchumaa, “Shikamoo baba,” nikapiga makofi marefu kuliko kawaida ili aone nilivyofunzwa. Nyuma nikasikia kru! Dume la mzee limesimama juu ya darubini.

Nikaifuta haraka kwa shati. Kioo kizima, haijapinda, nikasema moyoni hakuna aliyeona, nyamaza. (Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.)

Ukaja mtihani. Mzee akaketi pembeni kumtazama mkwewe, nami nikalala chini, nikalenga kwa maringo, nikamaliza risasi zangu tatu. Tukaenda kukagua karatasi. Yangu nyeupe kabisa, ungeweza kuandikia barua ya kuomba kazi. Ya Deus, jirani yangu, ina matundu sita.

“Deus, nilikupa risasi ngapi?”

“Tatu, afande.”

Afande Grace akanigeukia, akachukua bunduki yangu, akakwangua kitu kwenye skrubu za darubini. “Hiki nini?”

“Udongo, afande.”

Akanusa. “Udongo wa Mollo siku hizi unanuka mavi ya ng'ombe?”

Wenzangu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini bado, kwani baba Rozina akainuka kuniokoa, masikini, kwa moyo mweupe kabisa: “Afande, msamehe. Aliilaza chini aniamkie, dume langu likaikanyaga. Kijana ana adabu sana huyu.”

“Adabu!” Afande Grace alipaza sauti. “Silaha ya serikali unaiacha kwenye majani! Na angepita mwizi badala ya ng'ombe?”

Bunduki ya Kaoze akapewa Deus. Mimi nikapewa debe bovu na rungu, nilipige usiku kufukuza viboko, na mpaka leo Deus akiniona ananiuliza kama debe langu limeshafanyiwa ziro.

Lakini hilo silo linaloniuma. Kinachoniuma ni baba Rozina, aliyenisindikiza mpaka barabarani, kisha akasema kwa upole kabisa: “Mwanangu, adabu nimeiona. Ila siku nikikukabidhi Rozina, akapita mzee mwingine wa kuamkiwa, yeye utamlaza wapi?”

Nimeapa, nikishika kitu cha thamani sikiachii tena, na mkwe akipita nitamwamkia nimesimama, aniite mshenzi akitaka. Mshenga nimemtuma tena. Hajarudi.