Masufuria ya Kilio

Watu wa mtaa wetu wa Ruashi, huku Katanga, wananijua kwa masufuria. Nilipoanzisha chama cha akina mama, kitu cha kwanza tulichonunua ni masufuria makubwa, turubai na viti vya plastiki, ili jirani akifiwa asihangaike kutafuta pa kupikia bukari, ugali wetu, ya waombolezaji. Vyote vinakaa kwangu. Chama hicho hicho ndicho kilichosimama barabarani na ndoo siku malori ya mgodi yalipozidi kutumwagia vumbi hadi ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na madereva wakajifunza kupunguza mwendo. Sikumwuliza mtu kabila lake. Nikadhani, mjinga mimi, kwamba na wao hawataniuliza langu.

Nimezaliwa hapa. Baba alitoka mkoa wa Kasai kufuata kazi ya reli, akafa hapa, akazikwa hapa. Lakini mama alipougua alinishika mkono akasema anataka kulala Kasai, karibu na mama yake. Akaongeza kwamba anaogopa kulala peke yake. Nikamwambia asiogope, siku yangu ikifika nitamfuata. Neno la mtu anayekufa halijadiliwi, na unamjibu tu linalomtuliza. Tulimpeleka kwa ndege, na mtaa mzima ulitusindikiza ukilia. Aliyemwosha ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa kutoka kaskazini mwa Katanga, ambaye alimsimamia binti yangu ubatizo. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, na sikuwa natania.

Kwa hiyo akina mama waliponisukuma nigombee kiti katika baraza la komini, yaani manispaa yetu, nilifurahi kama mtoto. Wagombea wengine waligawa vitenge. Mimi sikuwa na kitenge, nilikuwa na habari za mabomba ya maji.

Mkutano ulifanyika katika uwanja wa shule. Nilizungumzia maji, wakapiga makofi. Kisha baba mmoja akasimama, mpole kabisa, kofia mkononi.

"Mama, tunakushukuru sana. Lakini kwenu ni wapi?"

"Kwetu ni hapa."

"Na mama yako, balimuzika wapi?"

Watu wakanigeukia. Hapo yaya akainuka, nami nikashusha pumzi, nikijua sasa atawatoa ujinga.

"Siye tunamupendaka huyu mama," alisema. "Lakini bongo, kusema uongo, haina muzuri. Muntu anazikwaka kwabo. Maiti ya mama yake tulisindikiza siye benyewe ku ndege. Na mi nilikuwa pale ku kitanda, nilisikia na masikio yangu: aliahidi mama yake atamufwata. Sasa muntu mwenye atakwenda, tutamupatia komini namna gani?"

"Na baba yangu je?" nilipiga kelele. "Baba yangu iko ndani ya udongo ya hapa!"

"Baba huku, mama kule," mtu akajibu kutoka nyuma. "Uko na miguu mbili, mama!"

Wakacheka. Hata wanachama wangu walicheka, niliwaona.

Juma lile nilikwenda kwa wazee wa Kikasai wanaofanya biashara mjini, nikidhani damu ni nzito kuliko maji. Nikajieleza kwa Kiluba changu cha Kasai kinachochechemea. Mzee wao alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswahili. "Mutoto, weye uko mu-Katanga. Wende ku bantu benu." Nilitoka pale bila kuaga.

Nilishindwa, tena vibaya. Picha zangu za kampeni zilikuwa bado ukutani, zimechanika macho, wakati yaya alipofiwa na mama mkwe wake. Akaja mwenyewe getini, kitenge kifuani, macho mekundu.

"Mudogo wangu, nipatie masufuria."

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia akaazime kwa konseye wake mpya, diwani waliyemchagua. Badala yake nilifungua chumba, kisha nikamfuata na mwiko, kwa sababu kilio ni kilio. Nikasonga bukari hadi mabega yakauma, na wale wale walionicheka wakawa wananisifu: bila weye, mama, tungefanya namna gani? Niliwachukia kila mmoja, na niliwapakulia wote.

Yaya akaja kukaa kando yangu karibu na moto.

"Ungali na hasira na mi?"

"Ndiyo."

"Lakini nilidanganya?"

Hakudanganya. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alichukua neno nililompa mama ili afe kwa amani, akalitandika mbele ya watu kama nguo ya mnada, na kila herufi yake ilikuwa kweli.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliwaketisha watoto wangu. Nikawaambia nikifa wanizike hapa, karibu na njia, mahali panapoonekana. Siku mmoja wao atakaposimama mbele ya watu hawa, awe na kaburi la mama la kuwaonyesha.

Binti yangu, yule aliyebatizwa mikononi mwa yaya, akaniangalia.

"Na kambo, mama yako? Atabakia yeye moja kule?"

"Eeh," nikasema. "Atabakia yeye moja."

Kiti cha komini nilishakisahau. Hili la mama sitawasamehe.