Okidi nyeupe ya Ruiru: maua yaliyofanya niitwe mwizi

Wakuu, natumai mko salama humu ndani.

Juzi dada mmoja wa Githurai 45 aliweka picha ya okidi yake, zile maua zake zinakaa kama nondo ametandaza mabawa. Akauliza kama kuna mtu amewahi kuiweka kwa nyumba ya kawaida ikakubali.

Mimi nimewahi. Ni zamani, miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, wengi wenu hata wazazi wenu walikuwa bado kuzaliwa. Mjukuu wangu ndiye anachapa, mimi naongea. Kwa umri huu uongo hauniongezei kitu, kwa hivyo mtayapata vile yalikuwa.

Nilikuwa nimeolewa juzi juzi, na mtoto mmoja mgongoni, Beti. Tulitoka Maragoli kufuata kazi. Bwanangu, Zablon, alikuwa kwa mashine ya kahawa kwenye shamba la mzungu hapo Ruiru, na tulipewa chumba kimoja kwa laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi.

Mimi nilifua na kupiga pasi kwa nyumba kubwa. Mwenyewe alikuwa memsaab, bibi wa kizungu, mjane, mzee, mtu wa maneno machache. Veranda yake yote ilikuwa okidi.

Aliniambia ni machotara. Ati mtu anachukua unga wa ua moja anapaka kwa ua la aina ingine, halafu anangoja miaka aone kitakachotoka. Nilishangaa kuna watu wana subira ya hivyo.

Basi akaanza kuugua. Akauza shamba, nyumba na kila kitu ndani, akaamua kurudi kwao.

Siku za mwisho alikuja Shirin, mama Mhindi aliyekuwa fundi wa nguo Thika mjini, kumpima gauni la safari. Mimi nilikuwa hapo napiga pasi. Memsaab akatoka veranda na chungu kimoja, akaniwekea mkononi. Majani mawili yaliyokunjamana na mizizi ya kijivu, basi. Akasema ni yangu, nisiizamishe kwa maji. Shirin, pini zimejaa mdomoni, akaangalia akacheka kidogo. Nafikiri aliona nimepewa maiti.

Wiki hio memsaab akaenda. Anwani yake sikuwa nayo.

Nyinyi mnaouliza vile inatunzwa: niliitundika karibu na dirisha mahali jua halichomi, ndani ya chungu nikaweka vipande vya makaa na maganda ya mti, si udongo. Maji asubuhi, kidogo, yasilale katikati ya majani. Jiko nililitoa nje kwa sababu ya moshi. Majirani walinicheka kwamba naipangusa majani kama mtoto.

Ikaja ile baridi ya Julai. Kitu kikachomoza kando, nikadhani ni mzizi. Kumbe ni shina la maua. Likarefuka, likainama, likajaa vifundo.

Halafu kikafunguka kimoja. Cheupe, kikubwa kuliko kiganja cha Beti. Siku chache baadaye kingine. Hicho chumba kilikuwa na kitanda, masanduku na ukuta wa masizi, na sasa hio kitu katikati. Nilikuwa naamka naangalia kwanza kama bado iko.

Raha yangu haikudumu.

Wakati huo nyumba zilikuwa zinapekuliwa ovyo. Nyapara wa shamba alipita laini akitafuta watu ambao hawajaandikishwa. Alipofungua mlango wetu hakuangalia chini ya kitanda. Alisimama akaangalia maua.

Akauliza nimeitoa wapi. Nikasema nilipewa. Akauliza ni nani aliona. Nikanyamaza, maana mtu wa kwanza aliyenijia ni Shirin, na sikujua kama nina haki ya kumtaja.

Jioni Zablon aliitwa ofisini. Manaja mpya, mzungu aliyenunua shamba na kulisimamia mwenyewe, alisema alinunua nyumba na maua yake yote, na kama hatutaonyesha tumetoa wapi kufikia Jumamosi, tutahama shamba na mambo yaende kwa polisi.

Mnaelewa hio ilikuwa nini wakati huo? Ukipelekwa polisi kwa jambo moja, ulikuwa unaulizwa mengine. Kuna watu wa laini yetu walichukuliwa asubuhi na mabibi zao hawakuambiwa wako wapi.

Zablon hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwa kitanda na buti zake, akasema, "Rudisha hicho kitu, Mama Beti. Ni majani tu."

Nikamwambia, "Nikirudisha, nimekubali niliiba."

Alijua ni kweli, na alijua pia hatuna pahali pengine pa kulala.

Kesho yake nikamfunga Beti mgongoni nikaenda Thika. Njia yote nilikuwa napanga maneno, yanapotea, napanga tena.

Shirin alikuwa kwa cherehani mbele ya duka lao. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Kabla hajajibu, bwanake akatoka ndani. Alisema, kwa upole lakini kwa uoga, kwamba wao wenyewe leseni yao iko mikononi mwa hao wazungu, na hawawezi kuingia kwa kesi ya shamba la watu. Akaniomba nisirudi.

Shirin hakuinua kichwa. Aliendelea kuzungusha cherehani.

Sikumlaumu, niwaambie ukweli. Lakini nilirudi Ruiru nikiwa nimeishiwa. Nilianza kufunga vyombo kidogo kidogo, Zablon asione. Yeye naye, baadaye nikaja kujua, alikuwa ameshauliza kazi kwa mashamba ya mkonge akaambiwa hakuna. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake.

Na maua yanaendelea kufunguka tu. Nilikuwa nayaangalia nayachukia.

Jumamosi, ile siku tuliyopewa, nilibeba chungu mpaka ofisini bila shahidi. Zablon alitembea mbele yangu. Nyapara alikuwa hapo, amesimama kama mtu anayengojea sherehe. Maua yalikuwa yanatikisika kila hatua, nikajaribu kuyashika.

Manaja alitoka, akaangalia chungu, akaangalia Zablon. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata, "Rudi kazi. Bibi arudi nyumbani na maua yake."

Ni hayo tu. Hakuna pole, hakuna maelezo. Tulirudi hatuamini, tukidhani tutaitwa tena.

Baada ya kanisa siku iliyofuata, bibi ya manaja akaja laini mwenyewe. Mwanamke kijana, mwembamba, anaonekana anaogopa hapo kwetu kama mimi nilivyoogopa kwao. Alitaka kuona okidi. Nikampa kigoda.

Ndipo akasema. Ijumaa fundi wa Thika alikuja kumpimia mapazia, na fundi akiwa juu ya ngazi akamuuliza kama ile okidi ya kufa ambayo memsaab mzee alimpa msichana wa pasi ilipona. Ati yeye aliona ikitolewa na alicheka. Akaendelea kupima dirisha. Jioni yake bibi akamweleza manaja.

Nililia mbele ya mgeni, wakuu. Sikuweza kujizuia.

Alipoondoka, Zablon alivuta kigoda akakaa mbele ya maua na chai yake. Halafu akasema, kama mtu anayejiongelea, "Kumbe ndani iko na manjano." Mwezi mzima ilikuwa juu ya kichwa chake na hakuwa ameiona.

Hizo maua zilikaa mpaka karibu Krismasi. Majirani walianza kuja kuziona, na zile za mwisho tuliziangalia wote wawili zikianguka moja moja.

Baadaye shina likatoa mtoto, yaani mche mdogo wenye mizizi yake. Nikampeleka Thika. Shirin alipokea, akaweka kwa dirisha nyuma ya cherehani, na nilipoanza kushukuru akaniambia alienda kupima mapazia tu, akakata uzi kwa meno.

Nilichojifunza ni hiki. Kuna mtu atakusaidia na hatataka ijulikane, na ukilazimisha ijulikane utamuumiza. Mshukuru kwa njia anayoiweza.

Na wewe ukiona mwenzako akisingiziwa na unajua ukweli, tafuta namna ya kuusema, hata kama ni juu ya ngazi ukiwa na futi ya kupimia mkononi.

Dada wa Githurai, yako ikichomoza kitu kando wakati wa baridi usikikate. Ngoja kwanza.

Nyinyi wengine, kuna aliyewahi kuwasemea hivyo kimya kimya? Andikeni hapo chini, mjukuu atanisomea.