Mikono Iliyokwisha Kushuka

Nakumbuka asubuhi moja ya Ijumaa, kwetu Morogoro, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilipoingia uani kwa babu yangu na shati lenye damu isiyokuwa yangu. Nilikuwa nikitabasamu. Keti hapa dirishani, Zuhura, mjukuu wangu, treni ya uwanja wa ndege ipite kwanza, maana masikio yangu hayaiwezi. Najua utanijibu kwa Kiingereza. Nijibu utakavyo, ila haya nisikilize kwa Kiswahili.

Nilikuwa bondia chipukizi, kama wewe. Siku hiyo rafiki yangu Hamza alinitania kwenye kibanda cha chai kwamba napigana kama mtu anayefukuza nzi. Watu wakacheka. Nikampiga, akaanguka, akabaki amekaa chini. Nikampiga tena mara mbili, kwa sababu tu watu walikuwa wakinitazama.

Babu hakunigombeza. Aliniambia ninawe, nibadili shati, nimfuate. Tukaenda kwa Mzee Athumani, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye jicho lake moja lilikuwa jeupe, halioni. Nilimjua tangu utoto wangu wala sikuwahi kuuliza jicho lile lilipatwa na nini. Nilidhani ni uzee.

"Mweleze wewe," babu akamwambia. "Mimi nikieleza nitajipendelea."

Mzee Athumani akaniwekea kigoda. Akasema zamani, Mwingereza alipokuwa ndiyo kwanza ameishika nchi, wao wawili walikuwa vibarua wa reli. Jumapili maofisa waliwapambanisha vijana kwa ngumi, miguu pekupeku, mikono imefungwa vipande vya gunia, wenyewe wamekaa vitini wakishangilia. Mshindi alipewa blanketi. Jumapili moja wakapangwa yeye na babu.

"Tulikubaliana tusiumizane," alisema. "Lakini zile kelele, mjukuu wangu, zinalevya. Mimi nikachoka, nikashusha mikono. Akaniona nimeshusha."

Babu ndiye aliyemalizia, macho yake sakafuni. "Nilimwona. Na nikampiga jichoni."

Sikuwa nimewahi kumwona babu akilia. Mzee Athumani akamshika mkono. "Yalikwisha yale, Salum. Ulikuja kesho yake ukaniomba radhi, na hukuacha kuja."

Tukirudi, nilimuuliza babu kama blanketi alilipata.

"Nililipata. Nikampelekea mama yake Athumani. Hakulipokea." Kisha akasimama njiani. "Hamza naye alikuwa ameshusha mikono?"

"Ndiyo, babu. Alikuwa amekaa chini."

"Basi nenda sasa hivi. Ukisubiri aibu ipungue, hutakwenda."

Nilikwenda. Mama yake Hamza alinitazama kwa muda mrefu bila kuitikia salamu yangu, halafu akanipisha mlangoni. Hamza alikuwa kitandani, taya limevimba. Nikamwambia nimemkosea, na sina sababu ya kutoa. Hakunijibu siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Kila asubuhi nilimpelekea uji, maana hakuweza kutafuna. Siku ya nne akasema kwa shida, "Uji wako hauna sukari."

Nikajua amenisamehe. Tulibaki marafiki hadi alipofariki, na mama yako alipozaliwa yeye ndiye aliyemchagulia jina.

Sasa, mwanangu, ile video ya simu nimeiona. Mama yako alidhani sitaielewa. Binti yule wa ghorofa ya tisa alikutukana, na sitakwambia kwamba matusi hayaumi. Lakini nilitazama mikono yake, Zuhura. Ilikuwa imeshuka ulipompiga.

Unasema ukienda kumwomba radhi atakufungia mlango. Huenda. Mimi nilinyamaziwa siku tatu.

Sikukatazi ngumi, nilizipenda mno kuweza kukukataza. Ninalokuusia ni hili: mtu akishusha mikono, hapo hapo na wewe shusha yako, hata kama dunia nzima inakushangilia. Ukishindwa, maana siku nyingine hasira hutushinda, nenda kwake upesi, sema umekosa, usitafute sababu. Na asipokujibu, rudi tena kesho.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na moyo mwepesi kuomba radhi, na akujalie watu wenye subira kama Hamza. Haya, inuka. Napanda nawe lifti hadi juu, lakini mlangoni utabisha hodi mwenyewe.