Mkaguzi wa Moto na Shamba Lake

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kunusa majivu. Usicheke. Kiwanda cha sukari kilikuwa cha serikali wakati huo, na katika orodha ya wafanyakazi, katikati ya mafundi wa mitambo na makarani wa mizani, palikuwa na mkaguzi wa moto mmoja tu, naye ndiye huyu. Wakulima walimwita Pua. Mwanzoni walimwita hivyo akishawapa mgongo, baadaye mbele yake, na mwishowe hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika.

Muwa ukiungua shambani hausubiri. Siku mbili tatu tu, utamu unageuka uchachu. Kwa hiyo kiwanda kilikuwa na sheria yake: shamba lililoungua kwa ajali linaruka foleni, na kesho yake kiwanda kinaleta wakataji na trekta. Na kwa kuwa foleni yenyewe ilikuwa ndefu kuliko subira ya binadamu, ajali zikawa nyingi ajabu. Mtu anangoja kibali cha kukata mwaka mzima, halafu siku moja, bahati mbaya, shamba linashika moto. Hapo ndipo Pua alipotumwa na daftari lake na viatu vyake vya mpira. Akiandika "ajali", kesho muwa wako uko kiwandani. Akiandika "moto wa mwenyewe", unarudishwa mwisho wa foleni, yaani unauaga.

Mbinu zote alizijua. Alijua mshumaa uliosimamishwa ndani ya kopo, alijua kipande cha sigara katika shamba la mtu asiyevuta. Lakini kilichompa jina ni kibati cha dawa ya mbu, ile ya duara inayoungua polepole. Mwenye shamba anaiweka juu ya majani makavu, anaiwasha, anakwenda zake mkutanoni kuonekana na watu. Ikifika mwisho wake, shamba linalipuka, na yeye ana mashahidi thelathini. Dawa inageuka majivu, ila kile kibati kidogo cha kuisimamishia hakiungui. Pua ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiokota.

Alikiokota katika shamba la rafiki yake, mtu waliyeajiriwa naye kiwandani siku moja. Mke wa rafiki huyo alimwita Pua shemeji. Rafiki alijitetea kwamba alikuwa amelala shambani akiwavizia wezi wa miwa, akawasha dawa kwa sababu ya mbu, usingizi ukamchukua. Hata mkeka ulioungua alimwonyesha. Pua aliutazama ule mkeka akacheka. Aliandika kwamba umetupwa pale kumpoteza mkaguzi. Muwa ule uliozea shambani wote, na tangu siku hiyo shemeji hakumwita tena shemeji. Alimwita "Bwana Mkaguzi". Miaka kadhaa baadaye rafiki alifariki kwa maradhi ya kifua, na hata siku ya mazishi mjane alimpa mkono akasema, "Asante kwa kuja, Bwana Mkaguzi."

Ilimuuma, sitasema uongo. Lakini haki ni haki, alijiambia, na kisa cha kibati na mkeka aliwasimulia wanagenzi wote waliopita mikononi mwake. Nyumbani alikisimulia mezani mara nyingi hivi kwamba mkewe alikuwa akimalizia sentensi huku akiondoa vyombo.

Kisha kiwanda chenyewe kikaanza kuugua. Ilisemwa kitauzwa. Ikasemwa hakiuzwi. Mahema yakapigwa, viti vya plastiki vikapangwa, wakubwa wakaja na kuondoka na magari yao, na wakulima wakarudi nyumbani na chupa za maji walizogawiwa. Bwela, lile tangi la mvuke, likapasuka, msimu mmoja ukapita bila moshi, na wa pili nao vilevile. Hatimaye kikakodishwa kwa mwekezaji kwa miaka mingi, geti likapakwa rangi, na wafanyakazi wa zamani wakapewa barua za shukrani. Ya Pua ilikuwa na aya mbili. Aliisoma, akaikunja, akaitia chini ya godoro, mahali wanapoweka vitu wasivyovihitaji lakini hawathubutu kuvitupa.

Yeye mwenyewe alikuwa na ekari moja ya miwa nyuma ya nyumba. Muwa hukatwa ukiwa na miezi kumi na minane hivi. Wake ulikuwa na miezi ishirini na sita. Ulikuwa umelala chini, umeota vichwa vyeupe, na katikati yake ulianza kukauka. Kilichobaki kilikuwa cha kuokoa msimu huu au kutupa. Mwekezaji alipowasha mitambo, alianza na mashamba yenye muwa mchanga wenye sukari nyingi. Wazee, wa miwa na wa watu, waliambiwa wasubiri. Mwezi uliofuata Pua akaitwa tena, kibarua wa msimu, ukaguzi wa moto. Alipewa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa. Alirudi nyumbani ameivaa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitembea kifua mbele.

Moto wa kwanza wa msimu uliwaka Jumanne, saa nane mchana. Ulikuwa shambani kwake.

Alikuwa njiani kutoka dukani alipouona moshi. Alipofika, ekari nzima ilikuwa imeshapita kwenye moto: majani yameteketea, miwa imebaki myeusi myeusi, joto linatoka ardhini. Mkewe hakuwepo. Alikuwa kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama tangu saa tano, na mashahidi wake, Pua aliwahesabu kichwani bila kutaka, hawakupungua thelathini. Miguu yake ilimpeleka yenyewe mahali ambapo upepo ulitokea. Alichutama. Aliparuza majivu kwa kijiti, akaona kibati.

Kilikuwa na ulimi mmoja uliopinda. Alikijua, kilikuwa cha nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyekikanyaga usiku mmoja akiamka kwenda msalani.

Mkewe aliporudi, alikikuta mezani.

"Hiki ni cha nani?" Pua aliuliza.

"Mkaguzi ni wewe."

"Umewasha shamba, mama watoto?"

"Nimewasha." Alivua viatu, akakaa, akanyoosha miguu. "Nimechoka. Miaka miwili naamka nautazama ule muwa kama mgonjwa wa kitandani. Foleni wanaruka wengine, sisi tunalinda jina lako. Jina linapikwa?"

"Na mimi niandike nini sasa?"

"Usiniulize mimi. Mbinu umenifundisha wewe mwenyewe, hapahapa mezani. Ila mkeka sikuweka. Mkeka ulisema ulikuchekesha."

Pua aliinuka. Alivaa fulana yake ya chungwa, akatia kibati mfukoni, akashika njia ya kiwandani. Ni mwendo wa nusu saa. Robo saa ya kwanza aliapa ataandika ukweli, na muwa uende na maji. Robo ya pili aliwaza jinsi mkewe alivyonyoosha miguu. Alipofika getini alikuwa ameshaamua kuandika "ajali". Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini aliamua.

Dirisha la ofisi lilikuwa lilelile, limebadilishwa kioo tu. Ndani alikaa mama wa makamo mwenye miwani, mpole, aliyempa karatasi ndogo. Namba ya shamba. Ukubwa. Tarehe na saa ya kuungua. Pua aliigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Samahani, mama. Chanzo naandika wapi?"

"Chanzo cha nini?"

"Cha moto. Kama ni ajali, au mwenyewe."

"Aa, hicho hatukihitaji, mzee wangu. Kilichoungua kimeungua. Ukikifikisha hapa ndani ya saa arobaini na nane tunapokea. Zikipita, hatupokei."

"Na wakataji? Na trekta?"

"Ya kuungua mnakata na kuleta wenyewe. Tangazo liko getini tangu mwezi jana."

"Sasa mimi mmeniita nikague nini?"

Yule mama alimtazama kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyomkata maini. "Saa, mzee. Uthibitishe saa ya kuungua."

Alipaswa kufurahi. Uongo aliokuwa amejikaza kuusema hakuna aliyeutaka. Lakini aliigeuza ile karatasi nyuma mara nyingine. Miaka ishirini na miwili ya kuamua nani mwongo na nani mkweli, marafiki aliowapoteza, salamu alizokosa, na sasa hapakuwa hata na mstari wa kuandika. Akajaza: saa nane mchana. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Trekta la kukodi lilikubali kuja Jumatano jioni, na tena Alhamisi asubuhi. Kazi ikabaki kukata. Ekari moja si mchezo kwa mikono michache, na Pua alilazimika kufanya asichowahi kufanya: kupita nyumba hadi nyumba akiomba msaada. Watu walimpa pole nzuri sana. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa na safari. Wa tatu, ambaye muwa wake Pua aliurudisha mwisho wa foleni miaka ile, alijikuna shingo akasema, "Ningekuja, jirani, lakini si lazima mkaguzi apite kwanza?" Hata mke wa jirani huyo alicheka ndani.

Basi Jumatano alfajiri walikuwa watano: yeye, mkewe, kaka wa mkewe, na vibarua wawili. Masizi yaliwapaka uso mpaka hutambui nani ni nani. Kufika saa sita hawakuwa wamemaliza hata robo, na Pua alianza kupiga hesabu ya kipande kitakachobaki. Mgongo ulikuwa unamwambia mambo mabaya. Alipoinuka kuunyoosha, akamwona mjane wa rafiki yake anakuja kwenye mstari, kitambaa kichwani, panga mkononi.

Alichagua mstari wa pembeni yake, akainama, akaanza. Alikata chini kabisa, penye utamu, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, na kweli ndivyo alivyofanya. Walikwenda sambamba muda mrefu. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema:

"Pole kwa ajali, shemeji."

Panga la Pua likasimama. Neno lile hakuwa amelisikia kinywani mwake miaka kumi na moja. Angeweza kulipokea akanyamaza, hakuna mstari wa chanzo kwenye karatasi yoyote. Lakini alitia mkono mfukoni, akatoa kibati, akakiweka kiganjani.

"Si ajali, shemeji."

Mjane alikitazama kidogo. Hakushangaa.

"Najua. Mkeo jana alikuja kuniomba nije, akanieleza." Alitupa muwa kwenye lundo. "Ile yetu ndiyo ilikuwa ajali."

Pua alikigeuza kibati kiganjani.

"Alisinzia," mjane aliendelea, sauti yake haina ugomvi, imechoka tu. "Alirudi nyumbani nyayo zimeungua zote mbili, kwa sababu alikanyaga ule mkeka akijaribu kuuzima. Ulipokuja alikuwa amesimama mbele yako na soksi. Mtu gani anavaa soksi na ndala? Ulinusa majivu siku nzima, shemeji. Miguu yake hukuitazama."

Alizikumbuka soksi. Zilikuwa za kijivu. Aliziona siku ile, na aliwaza kwamba rafiki yake amejivalia ovyo.

"Kwa nini hakusema?"

"Alisema. Alikwambia amelala. Ulitaka akuvulie soksi?"

Pua alisema pole, na neno likawa dogo. Akajaribu tena, likatoka limevunjika, na yeye mwenyewe hakulisikia vizuri. Mjane alishika muwa mwingine kwa mkono wa kushoto.

"Kata," alimwambia. "Trekta linakuja jioni."

Akainama, akakata. Masizi yaliyochanganyika na machozi yalimwingia mdomoni, machungu, na chini ya uchungu ule muwa bado ulikuwa na utamu wake.