Msoma Maombi wa Viwanja Sitini

Amefariki yule bwana wa Viwanja Sitini aliyekuwa akiwasomea watu maombi yao ya kwenda kusoma biashara ng'ambo. Yapata miezi minne sasa, na wasomaji walionilaumu kwa kukaa kimya wana haki yao, ila kuna jambo nilikuwa nalisubiri. Dada yangu ndiye aliyenipigia simu asubuhi, chai haijaisha kikombeni: "Mwalimu ametutoka," maana ndivyo tulivyomwita wote. Nilimwombea kwa Mungu, nikakata simu, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, naona haya kukiandika, kilikuwa namba tatu. Namba hiyo alinipa yeye nilipokuwa kijana. Wanaoishi Ifakara wameshanielewa, wengine nitawaeleza.

Marehemu hakuwa mganga, ingawa wapo waliomwita hivyo pembeni. Ujanani alisoma nje, na huko akafanya kazi miaka michache katika ofisi ya udahili ya shule moja kubwa ya biashara, katika zile shule ambazo dunia nzima inagombea nafasi. Kazi yake ilikuwa kusoma maombi na kuyagawa, huyu apite, huyu abaki. Aliporudi nyumbani alifungua chumba cha kutoa kopi na kuchapa barua, na habari zikaenea kwamba mjini yupo mtu anayeweza kukuambia kama utachukuliwa kabla hujaanza kuhangaika. Vyeti na alama zako aliviweka kando bila kuvitazama. Alitaka usimame usome insha yako ya maombi kwa sauti, mara mbili, yeye amekaa amekupa mgongo, uso kaelekeza ukutani. Kisha bila kugeuka anakupa namba, kati ya moja na kumi, na hapo mazungumzo yameisha. Hakuomba hata soda. Aliowapa nane na tisa walikwenda, na hadi leo picha zao wakiwa kwenye majoho zinazunguka kwenye simu za ndugu zao. Aliowapa chini ya tano hawakwenda, hata mmoja. Watu walimwogopa kwa hilo, nami nilikuwa mmoja wao, na nilimsifia kila nilipopata wa kunisikiliza.

Mwaka huu nilimpeleka mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesimamia mashine ya kukoboa mpunga kule Mlimba. Alishuka kwenye treni na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, akanisalimia, "Shikamoo mjomba," halafu tukaenda moja kwa moja Viwanja Sitini. Insha yake nilishaisoma mwenyewe na kuipenda. Ilieleza mama aliyelima mpunga peke yake na binti aliyejifunza bei za soko kabla ya kujifunza kusuka nywele. Aliisoma mara mbili kwa sauti iliyotulia. Marehemu hakutoa namba kwanza kama kawaida yake, akauambia ukuta, "Hapa palikuwa na mtu. Umemtoa." Nilimwona mpwa wangu akishika ukingo wa meza. Baba yake alikuja bondeni na ng'ombe wake kutoka Usukumani, akafariki binti hajaanza shule, na katika karatasi zile hakuwemo kabisa, kwa sababu binti alidhani shule kubwa haitamtaka mtoto wa mfugaji. Nani alimwambia yule mzee? Mimi sikusema, na dada yangu hakuwahi kukutana naye. Tulisubiri namba. "Mbili," akasema.

Njiani nilimwambia mpwa wangu apumzike, ajaribu mambo mengine. Nilisema kwa upendo, na hilo ndilo linaloniuma. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa bado wiki tatu, naye akarudi Mlimba na mfuko wake.

Mwalimu akafariki kabla wiki hizo hazijaisha. Msibani nilikwenda kumpa pole mjane, naye akanisogeza kando. "Baba, daktari alisema dawa ipo, apelekwe Dar," akaniambia. "Akanitaka nimsomee ile karatasi ya daktari kwa sauti. Mara mbili. Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilipomaliza akasema, moja. Basi. Tulibembeleza, watoto walilia, gari lilikuwa tayari hapo nje. Hakuinuka tena." Nikaenda kukaa na wanaume wenzangu.

Pale kwenye viti nikagundua kitu kingine. Watu walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini, kama wanavyoulizana wagonjwa kwenye foleni ya daktari. "Wewe alikupa ngapi?" "Nne." "Mimi mbili, kama wewe." Kulikuwa na mwalimu wa sekondari, mwenye duka la pembejeo, bwana shamba mstaafu. Sijui nini kilinisukuma, nikamgeukia wa karibu yangu: "Na ulipotuma maombi, walikujibu nini?" Akanishangaa. "Nitume ya nini, kaka, na Mwalimu alishasema nne?" Nikamwuliza wa pili, hakutuma. Wa tatu, hakutuma. Nilizunguka viti vile hadi nikaogopa kuendelea, maana kila mdomo ulitoa jibu lilelile, na jibu hilo lilikuwa langu pia. Tatu yangu niliifungia kabatini pamoja na insha yangu, na miaka yote nikawa shahidi wa kwanza kwamba Mwalimu hakosei. Angekoseaje? Tulikuwa tukimsaidia. Na mwisho amejisaidia mwenyewe hadi kaburini.

Nilimpigia mpwa wangu palepale. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho yake. Alikuja na treni ya asubuhi, akakaa sebuleni kwangu Lumemo, akamrudisha baba yake kwenye insha pamoja na ng'ombe wake wote, na saa saba mchana akatuma. Nilihisi tumemkatalia mtu ambaye hata udongo wake haujakauka.

Jibu limekuja wiki hii. Hawakumchukua. Nilipoisoma ile barua aliyonitumia nilijiambia kwamba hata akiwa chini ya ardhi yule mzee bado anapatia. Nilimpigia mpwa wangu nikiwa nimeandaa maneno ya kumfariji, nikakuta ananisikiliza nusunusu.

"Mjomba, wamekataa wenyewe," akasema. "Wamenisoma, wakakataa. Sasa kuna nyingine inafunga mwezi ujao, naomba unitafutie mtu wa kuniandikia barua ya kunipendekeza."

Nampenda marehemu hadi leo, na sisemi kwamba hakuwa na jicho. Lakini mwenye mamlaka ya kukukatalia ni yule tu mwenye mlango, na asiye na mlango, hata awe na hekima kiasi gani, usimkabidhi kazi hiyo. Katika wote tuliopewa namba ndogo Viwanja Sitini, binti huyu ni wa kwanza ninayemjua aliyekataliwa na shule. Sisi wengine tulijikataa wenyewe, tukamshukuru Mwalimu, tukaenda nyumbani.