Neno Lililobaki Mdomoni

Fundi alikuwa mjane wa mwalimu mkuu, na hilo alitaka lijulikane hata na mteja aliyekuja kupunguziwa suruali tu. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya picha ya marehemu, na hakuna aliyewahi kuingia pale akakuta kipande cha uzi sakafuni. Nyumba yenye picha ile, alisema, haiwi nyumba ya kusemwasemwa.

Aliishi na mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa imemchoka lakini ulimi bado, na paka wa kijivu aliyeachwa na marehemu. Marehemu ndiye aliyempa paka yule jina la Bikizee, kwa ajili ya masharubu yake meupe na tabia yake ya kununa bila sababu.

Siku moja Bikizee aligoma kula. Daktari wa mifugo akamtazama mdomoni, akakunja pua.

"Ufizi umevimba. Apigwe mswaki kila siku, na dawa yake hii ya paka, si ile yenu. Akikataa, itabidi tumng'oe meno."

Mama mkwe, ambaye kwake halikubaki hata jino la kusingizia, alipoambiwa alitikisa kichwa. "Usikubali, mwanangu. Maisha ya uji nayajua mimi."

Fundi hakuona ugumu. Alikuwa amewashonea mabibi harusi wasiotulia na wanaume wasiokubali kwamba wamenenepa. Paka angemshinda vipi? Akamkunja Bikizee kwenye taulo. Bikizee akachomoka kama sabuni bafuni, akapanda juu ya kabati. Kesho yake vivyo hivyo, na mkwaruzo juu. Mikono miwili haikutosha kumshika, hivyo mswaki fundi akaubana kwa meno, kama alivyozoea kubana pini akipima nguo. Wateja wake walikwisha kujifunza kuyaelewa maneno yanayopita katikati ya pini. Ukuta haukuwa umejifunza.

Upande wa pili wa ukuta huo dobi alikuwa akipiga pasi. Hakuwa mtu mbaya, ila siri kwake ilikuwa maji kwenye pakacha. Kila asubuhi alisikia sauti ya fundi: "Bikizee, tulia. Achama. Utake usitake, leo nitakupiga..." Neno la mwisho lilibaki mdomoni pamoja na mswaki wenyewe. Kisha zikafuata purukushani, kitu kikaanguka, kimya.

Wateja wakaanza kuchungulia kuelekea chumba cha ndani. Mmoja akauliza, huku akijifanya anatazama kola, "Bibi hajambo lakini? Hatumwoni siku hizi." Fundi akajibu kwamba hajambo, akaendelea kushona. Aliyemfumbua macho ni wifi yake, kwa simu.

"Wifi, nimeambiwa unampiga mama."

Fundi akaketi. "Nani kasema?"

"Uliza nani hajasema. Wanamsikia kila asubuhi akipigwa."

"Ninayempiga ni paka."

"Kumbe na paka naye unampiga?"

"Mswaki, wifi. Ninampiga mswaki."

"Sina muda wa mafumbo. Kesho nakuja kumchukua mama."

Simu ikakatika. Fundi akatazama picha ya marehemu, kisha kiti cha mama mkwe chenye mto alioushona mwenyewe. Alishangaa kwamba jina la nyumba halikuwa la kwanza kumuuma. Kilichomuuma ni kile kiti, kikiwa kitupu.

Mama mkwe aliposimuliwa alicheka hadi akakohoa. "Mimi siendi popote. Lakini mwanangu yule namjua. Akishapanda, maneno hayamshushi."

"Basi kesho hatumgusi paka, mama. Nyumba itulie."

"Kesho ndiyo tumpige. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na umlete mapajani kwangu. Wewe unamshika kama kitambaa."

Wifi alifika asubuhi na begi tupu la nguo za mama yake. Dobi alikuwa nyuma yake, akidai amekuja kurudisha mkasi. Mlangoni wakasikia: "Bikizee, achama." Wifi hakubisha hodi. Akasukuma mlango.

Mama yake alikuwa kwenye kiti, paka mapajani ndani ya taulo, kichwa tu nje. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yao, mswaki mdogo wa mtoto kati ya meno. Wote watatu wakamgeukia.

"Funga mlango," mama akasema. "Paka atatoka."

"Bikizee ni nani?"

"Huyu. Kaka yako alimpa jina. Au ulidhani ni mimi?"

Dobi akakohoa. "Mimi nilisikia kupiga. Mswaki sikuusikia."

"Ulisikia nusu," mama akamwambia, "ukauza nzima."

Wifi akabaki na begi lake mkononi, hajui aliweke wapi.

"Liweke chini," fundi akasema, safari hii mswaki ukiwa mkononi. "Shika miguu ya nyuma. Taratibu."

Mama mkwe akamsugua Bikizee nyuma ya sikio, kisha akaachama yeye mwenyewe kumfundisha. Paka akautumbulia macho ule mdomo usio na jino, kama anayeonyeshwa yatakayompata. Fundi akapenyeza mswaki. Bikizee akaonja dawa, ikawa na ladha ya kuku, akasahau kukwaruza. Meno ya upande mmoja yakapigwa mswaki yote. Upande wa pili akakumbuka ubabe wake, akachomoka, akajitupa ndani ya begi na kugoma kutoka.

"Amechukua nafasi yangu," mama mkwe akasema. "Mwanangu, utaondoka na huyo?"

Wifi akacheka, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Huo upande wa pili mnampiga lini?"

"Kesho," fundi akasema. "Ukilala hapa, tutakuwa na mikono ya kutosha."

Dobi alikwisha kuukaribia mlango. Fundi akamwita.

"Jirani. Huko nje utasema nini? Sema nikusikie."

"Kwamba mlikuwa mnampiga paka..."

"Malizia."

"Mswaki."

"Haya. Lisipotee njiani."

Tangu hapo mswaki fundi huuchomeka nyuma ya sikio, kama seremala na penseli yake.